Swali Linaloulizwa Mara Moja: Ridhaa ya Mke katika Ndoa ya Kikristo

Ndugu zetu Waislamu mmekuja kukaa nasi jioni hii. Mji wa Tabora umezoea Wakristo na Waislamu kukaa katika baraza moja, na ninayotaka kuyasema yanahusu nyumba za Kikristo, ila wasikilizaji wangu si Wakristo peke yao.

Nimeombwa nizungumzie usawa wa mume na mke katika ndoa ya Kikristo. Mada hii tukiiachia ijiendee, itafika upesi kwenye maneno ya Mtume Paulo kuhusu mume kuwa kichwa, na hapo itakwama. Wanaume watashika mstari mmoja, wanawake watashika mwingine, na tutaachana kama tulivyokutana. Nitafika huko kwa Paulo, siogopi. Lakini naomba tuingilie mlango mwingine, mlango wa ridhaa.

Ndoa ya Kikristo haifungwi mpaka watu wawili waulizwe. Padri anawauliza, mchungaji anawauliza, kila mmoja kwa zamu yake na mbele ya mashahidi, kama wamekuja kwa hiari. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, zinasema ndoa inafanywa na ridhaa ya wawili hao, na hakuna mamlaka ya binadamu yanayoweza kuitoa kwa niaba yao. Si baba, si mjomba, si askofu. Ng'ombe wa mahari wanaweza kuwa wameshafika zizini na ukumbi umeshalipiwa, bibi harusi akisema sitaki, padri anafunga kitabu. Kwa dakika hiyo moja mwanamke ana uzito sawasawa na mwanamume. Neno lake linafunga, na neno lake linazuia.

Hoja yangu ni kwamba dakika hiyo haikuwekwa iwe ya siku moja. Tumeifanya ya siku moja sisi wenyewe. Mke anaulizwa altareni, na baada ya hapo anaweza kukaa miaka 40 bila kuulizwa tena: shamba liuzwe au lisiuzwe, mtoto aende shule gani, fedha ya mavuno ifanye nini, wazae tena au wapumzike. Anaarifiwa. Wakati mwingine haarifiwi, anasikia kwa majirani. Mimi nasema nyumba ya namna hiyo imeondoa kitu ambacho ndoa ilijengwa juu yake, hata kama mume hapigi, halewi, na anatoa zaka.

Tuanze hapa kwetu, maana njia iliyoujenga mji huu ilikuwa na habari nyingi za ndoa.

Misafara ya Wanyamwezi iliondoka kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Mpagazi aliweka begani kiasi cha frasila mbili za pembe za ndovu, kilo 30 na ushei, akashika njia ya Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi kama mitatu. Haya yanasimuliwa kila mahali. Kinachosimuliwa kwa uchache ni kwamba wake walikuwamo. Walibeba vyungu, mikeka na chakula, na mtoto mgongoni. Jioni mume akitua mzigo na kunyoosha miguu, mke ndiyo kwanza anatafuta kuni na maji. Na waliobaki Unyamwezi walishika jembe wakaendesha kaya mpaka mume arudi, kama alirudi. Mtu akiniambia kwamba usawa wa mke na mume ni fikra ngeni iliyoletwa na mashirika, namwuliza kama anajua nani aliyekuwa akiamua mambo ya nyumbani Unyanyembe wakati wanaume wako Pwani.

Lakini nisiipambe njia ile. Ilikuwa njia ya watumwa vilevile, na hapo ndipo suala la ridhaa linapouma.

Kwihara iko kilomita chache kutoka hapa tulipo. Wengi wenu mmelipeleka darasa la watoto kwenye lile tembe lililogeuzwa makumbusho. David Livingstone alikaa pale tangu Februari 1872, kwanza pamoja na Stanley, halafu peke yake akisubiri wapagazi, mpaka alipoondoka mwezi Agosti. Tunapoeleza watoto habari za nyumba ile tunawataja wanaume wawili hao. Lakini shajara ya Livingstone mwenyewe ina wanawake ndani yake, na wawili kati yao wanatuhusu.

Wa kwanza ni Halima, mpishi, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara wa Livingstone. Alikuwa mtumwa, Livingstone anaeleza alikompata. Siku moja pale Kwihara aligombana na mwanamke mwenzake, akaondoka. Livingstone aliandika barua imfuate, lakini Halima alirudi kwa miguu yake, akasimama nje. Alichotaka ni bwana mkubwa atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, akampa na nguo ya kujikinga na baridi. Katika kurasa hizohizo anamsifu kwamba hakuwahi kuiba, na kwamba hakumwachia mume wake aibe. Anaandika pia kuwa akifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba. Tazameni mwanamke huyu: ndiye aliyeushika uadilifu wa ndoa yake, mume alisimamishwa na mkewe asiingie katika wizi, na bado yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu. Alipokataa kuingia ndani mpaka aambiwe, alikuwa anadai kitu kidogo sana. Alikuwa anadai aulizwe.

Wa pili ni Ntaoeka, yule aliyegombana na Halima. Huyu hakuwa na mume, na Livingstone aliona si vizuri mwanamke mzuri akae msafarani bila mume. Akampendekezea achague mmoja kati ya watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Chuma tunamfahamu, alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865, na ndiye pamoja na mwenzake Susi waliokuja kuongoza kazi ya kuupeleka mwili wa Livingstone Pwani. Ntaoeka alipoambiwa mara ya kwanza alitabasamu tu. Baadaye wanawake wenzake walipotaka aolewe, akaulizwa tena, akakubali, na Chuma akaahidi kujirekebisha, kwa kuwa sifa yake ilikuwa uvivu.

Mimi namheshimu Livingstone. Mtu huyo alitumia nguvu zake za mwisho kupigana na biashara ya watumwa. Lakini ndoa hii aliipanga kwa ajili ya utulivu wa kambi. Ntaoeka aliulizwa, ndiyo, ila aliulizwa na mkuu wa msafara, katika nchi ambayo mwanamke aliye peke yake angeweza kukamatwa na kuuzwa kabla ya jua kuzama. Mwanamke wa namna hiyo akisema ndiyo, ni ndiyo ya aina gani? Swali hilo sikuliokota katika vitabu vya leo. Liko katika Biblia tangu Mwanzo, sura ya 16, katika habari za Hajiri.

Hajiri alikuwa kijakazi wa Sara. Bibi yake alimpeleka kwa Abrahamu, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba aliulizwa. Wa kwanza kumwuliza Hajiri jambo lolote katika kisa chote ni malaika wa Bwana, jangwani, kando ya chemchemi, anapomwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya utii wa Sara, kwa sababu Petro katika waraka wake wa kwanza anamtaja Sara kama mke aliyemtii mumewe. Sikumbuki nimesikia mahubiri juu ya Mwanzo sura ya 21, ambako Mungu anamwambia Abrahamu, baba wa imani, afanye kila analoambiwa na Sara. Sara yuleyule! Mume alikuwa na uchungu na hakutaka, na Mungu akamwelekeza amsikilize mkewe. Na hata pale mzigo wa uamuzi ulimwangukia Hajiri, ambaye mara hii pia hakuulizwa. Anayetaka kujenga mafundisho ya ndoa juu ya nyumba ya Abrahamu na aichukue nyumba yote, na kijakazi wake ndani.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu njia ilipotoka Tabora haikuishia Ujiji. Watu wa kwetu walikwenda nayo mpaka Katanga. Msiri, Msumbwa kutoka magharibi ya Unyamwezi, alijenga dola ya Garenganze, akatawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Katika nchi zile za misafara aliishi mwanamke Mluba aitwaye Bwanikwa. Alitolewa kuwa mtumwa akiwa mtoto, akapita mkono hata mkono. Dugald Campbell, mmisionari aliyeandika maisha yake, alihesabu mara kumi. Mwisho akawa mke wa mwanamume aitwaye Wafwilwa, naye alimpata kwa njia zilezile za utumwa. Wakawa Wakristo. Wafwilwa hakuwa mume mbaya. Nyumba ilikuwa na amani.

Hata hivyo Bwanikwa hakutulia. Alifanya kazi, akaweka akiba ya jasho lake, akamlipa mume wake mwenyewe fidia ya kujikomboa. Kisha akaendelea kuishi naye. Kwa macho ya haraka mtu atasema amepoteza mali bure: ni nyumba ileile, mume yuleyule, jiko lilelile. Lakini kabla ya fidia alikuwepo kwa sababu amemilikiwa, na baada ya fidia alikuwepo kwa sababu ametaka. Sijui katika historia yote ya Ukristo wa pande hizi mtu aliyeielewa ndoa ya Kikristo kwa undani kumshinda mwanamke huyu. Hakuisoma katika barua ya askofu yeyote. Aliona mwenyewe kwamba mke asiyeweza kukataa hawezi kukubali, na akailipia ridhaa yake ili aweze kuitoa.

Basi na twende kwa Paulo.

Waefeso sura ya 5 inasomwa harusini karibu kila Jumamosi, na mara nyingi inaanzwa mstari wa 22, penye wake na utii. Mstari wa 21, unaowaambia waamini wote wanyenyekeane wao kwa wao kwa kumcha Kristo, unaachwa nje kana kwamba ni wa habari nyingine. Huo ndio mlango wa maneno yote yanayofuata. Papa Yohane Paulo wa Pili aliliona hili katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, Mulieris Dignitatem, akafundisha kwamba unyenyekevu kati ya mume na mke ni wa pande mbili. Miaka 58 kabla yake, mwaka 1930, Pio wa Kumi na Moja katika Casti Connubii alikuwa bado anazungumza lugha ya mume kichwa na mke moyo, ingawa hata yeye alisema mke hawajibiki kutii jambo lisilo la haki au linaloivunja hadhi yake. Katikati yao ulikuja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1965 ulikiri hadhi sawa ya mume na mke katika upendo wa ndoa. Nawatajia haya ndugu Wakatoliki kwa sababu bado nawasikia wazee wa parokia wakifundisha mwaka 1930 kana kwamba kalenda ilisimama. Wamoravian, walioipokea kazi ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa London Missionary Society, na Walutheri na Waanglikana na Wapentekoste, nao wana wazee wao wa namna hiyo, sitawahesabu.

Ila mstari wangu mkubwa wa Paulo hauko Efeso. Uko Wakorintho wa kwanza, sura ya 7. Pale Paulo anazungumzia chumba cha kulala, mahali ambapo hakuna mzee wa kanisa anayeona, na anasema mke hana mamlaka juu ya mwili wake bali mumewe, jambo ambalo kila mwanamume wa Korintho alikuwa analijua na kulipenda. Halafu anaendelea, kwa kipimo kilekile, kwamba mume naye hana mamlaka juu ya mwili wake bali mkewe. Hilo hawakuwa wamelisikia. Na hata kujitenga kwa muda kwa ajili ya sala, anataka liwe jambo walilolikubali wote wawili. Ikiwa Mtume hakumruhusu mume aamue peke yake hata habari ya kujitenga kwa ajili ya sala, nani aliyemruhusu aamue peke yake habari ya shamba?

Wako watakaonijibu kwa methali tunayoisikia kila harusi, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hofu iliyo ndani ya jibu hilo naichukulia kwa uzito. Nyumba inahitaji uamuzi, na mtoto akiugua usiku hakuna nafasi ya mkutano. Lakini mume na mke si mafahali wawili, na wanaoulizana hawagombei zizi. Abigaili, mke wa Nabali, alipoona jeuri ya mumewe inaleta maangamizi, alipakia mikate na divai juu ya punda akaenda kwa Daudi bila kumwambia mumewe. Maandiko yanamsifu. Nyumba iliponea kwa mke aliyefanya uamuzi wakati kichwa kimelewa.

Inanisikitisha kusema kwamba katika jambo hili sheria ya nchi imetembea mbele ya mimbari zetu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's, aliandika juu ya uhuru wa wanawake akiwa bado kijana wa Makerere. Chini ya serikali yake ikapitishwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Isomeni, mtaona ridhaa imepita ndani yake. Ndoa ya mke mmoja haigeuzwi ya wake wengi ila kwa hiari ya wote wawili, na iliyofungwa kanisani haigeuzwi kabisa maadamu wote wawili ni Wakristo. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenza kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Sheria hiyo ina doa, na doa lenyewe ni la ridhaa pia: iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Nilitamani kesi ile iwe imefunguliwa na Kanisa.

Na sasa tumbaku. Msinichoke, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapopimwa.

Nani hajui bani la kukaushia tumbaku? Majani yamefungwa kwenye fito, fito zimepangwa ngazi juu ya ngazi, chini yanapita mabomba ya joto. Nje kuna mdomo wa tanuri na rundo la kuni za miombo. Tumbaku ya mvuke inataka kukaa humo karibu wiki nzima, na moto haulali. Joto likipandishwa upesi, jani linakauka bado kijani. Likiachwa lishuke, rangi inaharibika, na rangi ndiyo daraja, na daraja ndilo bei. Nimekaa na akina mama wa Urambo na Kaliua kwenye mabani hayo saa nane za usiku, mtoto amelala juu ya kanga pembeni, mama anaingiza mkono aone joto, anasogeza gogo, anarudi kukaa. Baba naye yupo mara nyingi, wanapokezana zamu. Kitalu walimwagilia wote, majani walichuma wote, madaraja mama aliyapanga kwa vidole vyake mpaka vikawa vyeusi kwa utomvu.

Halafu masoko yanafunguliwa. Mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, katika kaya nyingi ni mume. Jina kwenye tiketi ya mauzo ni la mume, akaunti ni ya mume. Makato ya mbolea yakishatoka, kinachobaki kinaingia benki, na mke anangoja aone baba atashuka kwenye basi na nini. Wako waume wanaokuja na kila shilingi wakaiweka mezani, Mungu awazidishie. Wako wanaobaki mjini mpaka iishe. Na wako, wengi, wanaokuja na mabati na ada za shule na nguo za watoto, waume wema kabisa, ambao wameamua yote wakiwa peke yao njiani. Ninaowasemea hasa ni hawa wa tatu, kwa sababu wao hawajui kwamba kuna kitu kimepungua. Mume huyu akitaka kuweka nyumba rehani, benki itadai saini ya mkewe. Afisa mikopo asiyemjua mama huyo hata kwa sura anamwuliza. Mume aliyeapa naye mbele ya altare hamwulizi.

Kosa si lao peke yao. Binti akikaribia kuolewa anakalishwa siku nyingi na makungwi na mashangazi, anafundishwa kuvumilia, kunyamaza, kupika, kupokea wageni wa mume. Kijana anafundishwa nini? Anapimiwa suti. Mafundisho ya ndoa kanisani yanagusa sakramenti, yanagusa uaminifu, na fedha inapitwa kwa sentensi moja ya kwamba wapendane. Na binti akirudi kwao kwa sababu nyumba imemshinda, wazazi wanahesabu ng'ombe wa mahari watakaodaiwa na wanamrudisha. Mahari nayaheshimu kama shukrani ya ukoo kwa ukoo. Yanapokuwa sababu ya mwanamke kushindwa kusema sitaki, yamerudi kule Bwanikwa alikotoka.

Nina ombi kwa mapadri, wachungaji na makatekista mlio hapa, na ni ombi la kazi. Wachumba wakija kwenye mafundisho, wapeni karatasi mbili na kalamu, mmoja akae chumba hiki na mwingine kile. Kila mmoja aandike fedha ya mavuno ya kwanza itakwenda wapi, nani atakuwa mwanachama wa AMCOS, shamba litaandikwa jina la nani, na akiwa hakubaliani na mwenzake atafanya nini. Kisha walete karatasi zao, zisomwe kwa sauti mbele yao wote wawili kabla ndoa haijatangazwa. Na kwa wale mliowafungisha ndoa zamani, masoko ya tumbaku yakikaribia, wakusanyeni wenzi jumuiya kwa jumuiya mfanye nao hivyohivyo. Viongozi wa AMCOS walio waumini wenu waiteni pia, wawaeleze akina mama namna ya kujiunga na chama kwa majina yao, fomu ziwepo mezani, na katibu awepo wa kuzipokea siku hiyohiyo.